Elimu ya mpiga kura isiyo na chama: namna ya kuifanya katika kata za Kigoma

Mpiga kura akifika kituoni asubuhi ya uchaguzi na jina lake halimo kwenye daftari la kituo kile, hakuna wa kumsaidia siku hiyo. Msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kumwandika, wakala wa chama hana, na ninyi mliopita mtaani mkitangaza "jitokezeni kwa wingi" hamna pia. Jambo liliharibika miezi mingi nyuma: wiki ya uandikishaji alikuwa ziwani au shambani, au aliamini ameshajiandikisha kumbe alichoandikishwa ni orodha ya kitongoji tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika wakati hakuna bendera wala muziki wa kampeni, na kikundi kinachosubiri mwezi wa kampeni ndipo kianze kitakuwa kimechelewa kwa waliokihitaji zaidi.

Mwongozo huu ni wa vikundi vinavyotaka kufanya kazi hiyo katika kata moja au mbili: umoja wa vijana, kikundi cha akina mama, jumuiya ya parokia, wazee wa msikiti, asasi ndogo ya wilaya. Mifano ni ya Kigoma. Walioko Kaliua au Urambo wataweka msimu wa tumbaku pale tunapotaja dagaa.

Kibali kwanza

Elimu ya mpiga kura haianzi kwa kipaza sauti. Kisheria, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ndiyo inayotoa elimu hiyo, na ndiyo inayowaratibu na kuwasimamia wengine wote wanaotaka kuitoa. Kikundi kinaomba kibali, kinasubiri jibu, ndipo kinaingia mtaani. Tume hutangaza mwaliko wa maombi na tarehe ya mwisho. Tarehe ikipita, imepita. Wekeni tayari mapema cheti cha usajili wa asasi, katiba yake, majina ya wakufunzi, kata mtakazofika, ratiba, chanzo cha fedha na nakala ya kila kipeperushi mnachotaka kugawa. Gharama ni zenu, Tume haiwalipi. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kisijaribu kupita mlango wa nyuma. Kiingie chini ya asasi yenye usajili inayoomba kibali, na wanachama wake waandikwe kama wakufunzi wa asasi hiyo.

Uchaguzi wa serikali za mitaa una mlango wake. Mwaka 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, siyo Tume, na ruhusa ya kutoa elimu yake iliombwa huko. Kibali cha Tume hakiwafai katika uchaguzi wa mwenyekiti wa kijiji.

Mkipata kibali, peleka nakala kwa msimamizi wa uchaguzi wa jimbo, kwa mkuu wa polisi wa wilaya (OCD), na kwa mtendaji wa kata na wa kijiji au mtaa. Pelekeni wenyewe kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa. Kila timu itembee na nakala tatu, kwa sababu moja itachukuliwa na mtu mwenye wasiwasi na haitarudi. Nyingi ya shida zinazozipata timu vijijini hutokana na mtendaji aliyesikia habari zao kwa watu kabla hajawaona wenyewe.

Nani awe mkufunzi

Timu ni watu wawili, mwanamke na mwanamume, na mmoja wao azungumze Kiha kwa ufasaha. Mzee wa Heru Juu akielezwa kwa Kiswahili cha ofisini atatikisa kichwa kwa adabu na kuondoka hajaelewa. Akiamkiwa "Mwakeye" na kuelezwa kwa lugha ya nyumbani, atauliza maswali.

Mkufunzi asiwe kiongozi wa chama ngazi yoyote, hata balozi wa nyumba kumi. Asiwe mgombea, asiwe wakala, asiwe mtoto au mwenza wa mgombea wa jimbo au kata hiyo. Kuwa na kadi ya chama si dhambi, ni haki ya raia, ila asimwage siasa zake mtandaoni. Watu hufungua simu na kuangalia mtu ameandika nini kwenye kurasa zake, na picha moja ya mwaka juzi akiwa na fulana ya mkutano inatosha kuua kazi ya kijiji kizima. Kila mkufunzi asaini ahadi fupi ya kutozungumzia ubora wa mgombea wala chama chochote tangu siku ya mafunzo mpaka matokeo yatangazwe, iwe jukwaani, kwenye kahawa au kwenye kundi la WhatsApp.

Halafu mavazi. Kijani na njano vinasoma CCM, zambarau inasoma ACT Wazalendo, gwanda la kaki linasoma CHADEMA. Tumieni nyeupe au kijivu, na kanga na vitenge visivyo na picha ya mtu. Liko pia kosa ambalo wakufunzi wapya hulifanya bila kujua: wakieleza alama ya vema inayowekwa kwenye karatasi ya kura, wengi huinua vidole viwili kuonyesha umbo la V. Vidole viwili ni salamu ya CHADEMA. Umati utashangilia au utazomea, na somo litakuwa limekwisha. Chora alama ubaoni kwa chaki. Mikono ibaki chini.

Chaguzi mbili, orodha mbili

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo tumieni muda.

Uchaguzi wa serikali za mitaa unachagua viongozi wa kijiji, kitongoji na mtaa. Una orodha yake ya wapiga kura, inayoandikwa upya kila mara kwenye kitongoji au mtaa wenyewe. Mwaka 2024 iliandikwa kwa siku kumi tu, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na kura ikapigwa tarehe 27 Novemba. Kadi ya mpiga kura haihitajiki.

Uchaguzi mkuu unachagua Rais, Mbunge na Diwani. Unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, linaloandikwa kwa mashine inayochukua picha, alama za vidole na saini, na mtu huondoka na kadi yake bila kulipa kitu.

Aliyejiandikisha kwenye orodha ya kitongoji hajaingia kwenye Daftari. Mwenye kadi ya mpiga kura hayumo moja kwa moja kwenye orodha ya kitongoji. Rudieni sentensi hizi mbili mpaka mama wa mstari wa nyuma aweze kuzisema mwenyewe. Mkiwa na dakika tano tu sokoni Mwanga na hamna nafasi ya jambo jingine, semeni hilo.

Wiki ya Daftari

Daftari huboreshwa mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Mzunguko wa mwaka 2024 ulizinduliwa hapa hapa Kigoma tarehe 20 Julai, na vituo vilikuwa wazi kwa siku saba, saa 2:00 asubuhi hadi saa 12:00 jioni. Siku saba ni chache mno kwa kata iliyo na vijiji vya milimani. Watu wanaotakiwa kwenda ni hawa: aliyetimiza miaka 18 au atakayeitimiza ifikapo siku ya uchaguzi, aliyehama kata au jimbo, aliyepoteza kadi au kadi yake imechakaa, mwenye kosa kwenye jina au tarehe, na ndugu wa marehemu anayetaka jina liondolewe. Kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai, na mashine hulinganisha alama za vidole. Aliyehama asijifanye mpya. Aende na kadi yake ya zamani aombe kuhamishiwa taarifa.

Wiki mbili kabla ya siku hizo, pita nyumba kwa nyumba katika vitongoji viwili au vitatu vya majaribio, mkiuliza maswali manne tu: nyumba hii ina watu wangapi wenye umri wa kupiga kura, wangapi wana kadi, kadi inasoma kituo gani, nani amehamia tangu uchaguzi uliopita. Andika idadi. Usiandike majina wala namba za kadi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawabana wanaokusanya taarifa za watu, na daftari la mazoezi lenye namba za kadi za kijiji kizima ni kitu ambacho mtu mbaya angelipa kukipata. Mkiona mtu anapita kukusanya namba za kadi "kwa ajili ya mkopo" au "kwa ajili ya mbolea", wambieni wananchi wasimpe, kisha toeni taarifa kwa msimamizi wa uchaguzi. Likinuka rushwa, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113. Liko pia la mume anayefungia kadi ya mkewe kabatini. Kadi ni ya aliye kwenye picha, na hilo lisemwe mbele ya wote wawili, kwa upole.

Watu wa ziwa wanahitaji mpango wa peke yao. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika. Kabla ya kupanga tarehe ya mwalo wowote, yaani ufukwe wa kupakulia samaki, iwe Kibirizi au Katonga, uliza mwezi uko wapi. Ukienda wakati wa giza utakuta wanaume wamelala mchana na akina mama wanakimbizana na kuanika. Ukienda wakati wa mbalamwezi utakuta watu wamekaa chini wakishona nyavu, na saa nzima ni yako. Kwa akina mama wa dagaa, subiri wamalize kugeuza. Ukiwasimamisha jua likiwa zuri utasikilizwa kwa sikio moja.

Jambo la pili la ziwa ni la kituo. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na Daftari likazinduliwa katikati ya kipindi hicho. Mvuvi aliyekwenda kwao Kasulu au Buhigwe kusubiri ziwa lifunguliwe, akajiandikisha huko, kadi yake inasoma kituo cha huko, hata kama siku ya kura atakuwa anaishi mwaloni Kalya. Swali la kumuuliza kila mvuvi haliwi "una kadi?" Liwe "kadi yako imeandikwa kituo gani?" Msomeeni pale pale. Wako wanaotunza kadi miaka na hawajawahi kusoma mstari ule.

Vijiji vya mwambao kama Kagunga na Mwamgongo hufikiwa kwa boti. Panga safari ya alfajiri, lala huko usiku mmoja, fanya mikutano miwili, jioni na asubuhi. Timu inayokwenda na kurudi siku hiyo hiyo huishia kufundisha dakika ishirini huku nahodha anaita. Makoti ya kujiokolea yawe kwenye bajeti, idadi yake kadiri ya watu.

Suala la uraia

Kigoma inapakana na Burundi, na ng'ambo ya maji ni Kongo. Hapa mtu anaweza kuzaliwa, kusoma na kuzeeka kijijini, kisha siku ya Daftari akaulizwa babu yake alitoka wapi. Ni jambo linaloumiza, na mnatakiwa kulibeba kwa uangalifu kuliko jingine lolote katika kazi hii.

Anayeruhusiwa kupiga kura ni raia wa Tanzania. Mkimbizi wa Nyarugusu au Nduta haruhusiwi, na akijiandikisha anatenda kosa. Aliyepewa uraia ni raia, naye ana kura. Ulyankulu kule Tabora kuna watu wengi waliokuja wakikimbia Burundi mwaka 1972 wakapewa uraia, na vyeti vyao ni halali kabisa. Daftari la awali likibandikwa, mpiga kura anaweza kuweka pingamizi dhidi ya jina, na aliyepingwa ana haki ya kuitwa, kusikilizwa, na asiporidhika kukata rufaa mahakamani.

Kazi yenu ni kuwafanya watu wajiandae. Mtu mwenye wasiwasi akusanye mapema kilichopo: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa au namba yake ya NIDA, cheti cha shule ya msingi, hati za wazazi, na majina ya wazee wawili wanaojua ukoo wake na walio tayari kusimama. Likija pingamizi, aandike tarehe na saa ya wito, aende, na aombe uamuzi kwa maandishi. Anayeitwa na asitokee hupoteza haki ambayo pengine angeitetea kwa nusu saa. Mkufunzi kamwe asitamke hadharani kwamba fulani ni raia au si raia. Hamna mamlaka hayo, na neno moja linaweza kumletea mtu madhara makubwa. Mwenye tatizo zito aelekezwe kwa msaidizi wa kisheria wa wilaya.

Somo la kura ya mfano

Hili ndilo linalokumbukwa. Watu 25 hadi 30, dakika 45, chini ya mwembe au darasani baada ya masomo. Wakizidi 40, gawa makundi mawili, la sivyo wazee na wasiojua kusoma wataishia nyuma.

Vifaa: ndoo tatu za plastiki zinazoonyesha ndani, vifuniko vikiwa vimetobolewa upenyo wa kidole kimoja, boksi kubwa la katoni lililokatwa upande mmoja, liwe kituturi, yaani kibanda cha kupigia kura kwa siri, meza, kalamu tatu, chupa ndogo ya rangi ya chakula kwa ajili ya "wino", na karatasi za mfano, tatu kwa kila mtu na ziada kumi kwa kila aina. Kwenye karatasi za mfano weka picha za vitu visivyo vya chama. Samaki wa ziwani kama mgebuka, kuhe na dagaa hufanya kazi vizuri. Jembe usiweke, limo kwenye nembo ya CCM. Neno MFANO lichapwe kubwa, likatize karatasi nzima, na ukubwa wa karatasi usifanane na wa kura halisi. Karatasi zihesabiwe kabla na baada.

Anza kwa kuonyesha ndoo tupu, iinamishe kila mtu aone, kisha funga kifuniko kwa utepe. Kituoni hufanyika hivyo hivyo: sanduku huonyeshwa tupu mbele ya mawakala na watazamaji kabla ya kufungwa kwa lakiri. Kisha mtu wa kwanza apite hatua zote bila kuharakishwa. Anatoa kadi. Karani anatafuta jina na picha kwenye daftari. Anapewa karatasi tatu. Anaingia kituturini peke yake, anaweka alama moja ya vema kwenye chumba cha mgombea anayemtaka katika kila karatasi, anakunja ili alama isionekane, anatoka, anatumbukiza kila karatasi kwenye sanduku lake: ya Rais kwa Rais, ya Mbunge kwa Mbunge, ya Diwani kwa Diwani. Anachovya wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto, anaondoka.

Watu kumi wakishapita, sitisha na uanze kuhesabu hadharani. Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, kwa sababu katika kura kumi za kwanza hukosi mbili au tatu zilizoharibika. Usimtaje aliyeharibu, kura ni ya siri hata ya dagaa. Inua kila moja, uliza kundi: "Hii ni ya nani?" Yenye alama mbili, moja kwa mgebuka na moja kwa kuhe, haina mwenyewe. Yenye jina la mpiga kura au saini haihesabiwi, kwani inamtambulisha aliyeipiga. Iliyoachwa wazi haihesabiwi. Alama iliyokaa juu ya mstari kati ya wagombea wawili itazua mabishano, na kituoni hutakuwapo mezani kuitetea. Halafu kuna mtu mwema aliyewakata kwa alama ya X wote asiowataka akaacha mmoja bila alama. Karatasi yake hutia huruma, maana alijua kabisa anachotaka, lakini alama hutakiwa kuwekwa kwa umtakaye. Acheni watu wabishane wenyewe kidogo kabla ya kuwapa jibu. Kisha wale waliobaki wapige, mhesabu tena, na mlinganishe idadi ya zilizoharibika.

Onyesha pia kwamba aliyekosea hana haja ya kutumbukiza kosa lake. Karatasi ikiwa bado mkononi, airudishe kwa msimamizi wa kituo aombe nyingine. Wengi hawalijui hili, na wengine wanaona aibu. Mfanyeni mtu mmoja aigize aibu hiyo na kuishinda.

Mengine ya siku yenyewe yapite kwa haraka. Vituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa 10:00 atapiga kura. Wajawazito, wenye watoto wachanga, wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu hupewa nafasi mbele. Asiyeona anaweza kutumia kifaa cha nukta nundu kama anakijua, au aje na mtu anayemwamini amsaidie; mtu huyo amchague mwenyewe, asipangiwe na wakala wa chama. Simu isipige picha ya karatasi ya kura, kwani anayedai picha hiyo kwa kawaida ndiye aliyelipa. Nguo, beji na kofia za chama vibaki nyumbani, sheria imekataza kuvionyesha ndani ya mita 200 za kituo. Kuhusu aliyepoteza kadi: katika chaguzi za karibuni Tume imeruhusu pasi ya kusafiria, leseni ya udereva au kitambulisho cha NIDA, mradi mtu yumo kwenye daftari la kituo hicho na majina yanafanana. Sikilizeni tangazo la uchaguzi husika kabla ya kulifundisha.

Soda na posho ni mtego. Msimu wa uchaguzi, chupa ya soda inaweza kusomwa kama takrima, na kijiji cha pili kitauliza mbona wao hawakupata. Leteni maji ya kunywa, yawe sawa kwa wote, na tangazeni tangu mwanzo kwamba hakuna posho. Watakuja wachache kidogo. Waliokuja watakuwa wamekuja kujifunza. Ujiji msipange Ijumaa mchana. Kasulu msipange Jumapili asubuhi. Siku ya gulio nendeni gulioni kwenyewe. Na mgeni rasmi msiwe naye. Diwani akiombwa "kufungua kwa maneno mawili", yatakuwa dakika arobaini na yatakuwa kampeni.

Maswali magumu

Swali ambalo hamtalikwepa ni hili: "Kura yangu inahesabika kweli?" Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliambatana na maandamano, vifo na kukatwa kwa intaneti. Watu wana uchungu, na wana maoni makali ya kila upande. Mtu akiuliza hivyo, msimjibu kwa kaulimbiu na msimkaripie kwamba analeta siasa. Msikilizeni amalize. Kisha mwambieni mnachokijua kwa hakika: kura huhesabiwa kituoni, mbele ya mawakala, matokeo ya kituo huandikwa kwenye fomu, ambazo katika chaguzi zilizopita zimejulikana kama 21A ya Rais, 21B ya Mbunge na 21C ya Diwani, mawakala hupewa nakala na matokeo hubandikwa nje ya kituo, ambako raia yeyote anaweza kuyasoma. Matokeo ya ubunge yanaweza kupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku 30 tangu kutangazwa. Ya Rais, Tume ikishatangaza mshindi, hayapingwi mahakamani, kwa mujibu wa ibara ya 41(7) ya Katiba. Semeni hilo la mwisho wazi hata kama linawachukiza watu, kwa kuwa mkilificha wataligundua na hawatawaamini tena kwa lolote. Wala msiahidi kwamba uchaguzi ujao utakuwa wa haki. Hamna uwezo wa kutimiza ahadi hiyo.

Mwenye kusema hatapiga kura aheshimiwe pia. Mwelezeni tu tarehe za Daftari, ili akibadili nia mlango uwe wazi.

Uvumi, na simu isiyo na intaneti

Uvumi wa uchaguzi hapa huja kwa sauti ya WhatsApp kuliko kwa maandishi, na mara nyingi ni wa tarehe au kituo: kituo kimehamishwa, siku zimeongezwa, kadi za zamani hazifai. Mteueni mtu mmoja wa kuupokea. Anaandika maneno yenyewe, saa aliyoyapata na kijiji yalikotoka, anampigia mtendaji wa kata, kisha ofisi ya msimamizi wa uchaguzi, akipata jibu kutoka ofisini ndipo anatoa sentensi moja inayoanza na ukweli: "Kituo cha shule ya msingi kipo pale pale." Uvumi wenyewe msiurudie kwenye ujumbe, wala msisambaze sauti ile "ili watu wauone uongo". Itasikilizwa na wengi kuliko masahihisho yenu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitofautishi sana aliyeanzisha na aliyeeneza. Ofisi isipojibu, nyamazeni mpaka ijibu.

Mpango wote uweze kusimama bila intaneti. Kila kitongoji kiwe na mtu mmoja mwenye namba za simu za wenzake kwenye karatasi, siyo kwenye simu tu. Ratiba ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji. Redio ya jamii iwe na tangazo lenu mapema. Mwaka 2025 makundi yaliyokuwa WhatsApp pekee yalinyamaza siku ile ile yaliyohitajika.

Watazamaji ni kazi nyingine

Kibali cha elimu hakimruhusu mkufunzi kuingia kituoni kutazama uchaguzi. Utazamaji una maombi yake na kitambulisho chake. Mkiwa na watu wa kutosha, gawanyeni: waliofundisha kata fulani wasitazame kata hiyo. Mtazamaji huandika alichokiona kwa macho na saa yake: kituo kilifunguliwa saa ngapi, sanduku lilionyeshwa tupu au la, mawakala wa vyama vingapi walikuwapo, wangapi walirudishwa na kwa sababu gani, foleni ilikuwaje saa 10:00, matokeo yalibandikwa au hayakubandikwa. "Wananchi walilalamika sana" haina maana kwenye ripoti. "Watu saba walirudishwa kati ya saa 2:00 na saa 3:30, watano majina hayakuonekana" ina maana. Hagusi karatasi, hamwelekezi karani, hajumlishi matokeo na kuyarusha mtandaoni. Akizuiwa kuingia, anaandika saa, cheo cha aliyemzuia na sababu aliyopewa, kisha anaondoka bila kubishana na kumpigia mratibu wake.

Ripoti kwa waliowapa kibali iandikwe ndani ya wiki mbili, kumbukumbu zikiwa bado za moto: vijiji mlivyofika, wanawake na wanaume wangapi, maswali kumi yaliyojirudia, kura za mfano zilizoharibika kati ya zilizopigwa. Vijiji msivyofika vitajwe pia, na sababu.

Karatasi za mfano zihesabiwe kila jioni, na ikikosekana hata moja rudini mwembeni mkaitafute. Kabla ya siku ya uchaguzi zichomeni zote mbele ya mtendaji na mashahidi wawili, mwandike idadi na mtie saini. Karatasi moja yenye picha ya mgebuka ikiokotwa njiani asubuhi ile, kufikia saa tatu itakuwa "kura feki iliyokamatwa", na hakutakuwa na muda wa kumweleza kila mtu kwamba ilikuwa ya somo.